Newton Knight: Mkulima aliyekataa kufia watumwa wa tajiri, kaunti yake ikagawanyika hadi leo

Muulize mtu yeyote aliyetazama filamu mbili tatu za Marekani, atakwambia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilikuwa kati ya Kaskazini na Kusini. Kusini ilitaka kujitenga ili iendelee kumiliki watumwa, Kaskazini ikakataa nchi kuvunjika, watu wakachinjana miaka minne. Mwisho wa hadithi.

Si uongo. Lakini ramani haisemi kila kitu. Ndani ya hiyo hiyo Kusini kulikuwa na kaunti moja ya mashambani iitwayo Jones, jimbo la Mississippi, ambapo majirani waliwindana msituni na watu wa ukoo mmoja wakasimama pande mbili. Katikati ya vurugu hiyo alikuwa mkulima mmoja, Newton Knight. Jamaa huyu alifariki 1922, zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini ukitaja jina lake kule hadi leo, kuna atakayekuvutia kiti na kuna atakayekuonyesha mlango.

Kaa nikusimulie, kwa sababu hii si hadithi ya vita peke yake.

KAUNTI YA MISONOBARI

Kwanza uijue kaunti yenyewe. Jones iko kusini mashariki mwa Mississippi. Iliundwa mwaka 1826 na makao yake yakawa mji mdogo wa Ellisville. Mississippi ya enzi hizo ilikuwa nchi ya pamba. Kwenye ardhi tambarare yenye rutuba kando ya mto mkubwa, mabwanyenye walikuwa na mashamba ambayo macho hayafiki mwisho, na waliofanya kazi humo hawakulipwa hata senti. Sensa ya 1860 inaonyesha kwamba kama asilimia 55 ya watu wote wa jimbo hilo walikuwa watumwa. Soma tena hapo. Zaidi ya nusu.

Jones haikuwa hivyo. Udongo wake ulikuwa wa mchanga, msitu wa misonobari umejaa kila upande, na mto Leaf umezungukwa na vinamasi ambavyo mgeni akiingia hatoki. Pamba haikupenda mahali pale. Watu walilima mahindi na viazi vitamu vya kula, wakafuga ng'ombe na nguruwe waliojitafutia chakula wenyewe msituni. Watumwa walikuwa asilimia 12 tu ya wakazi, kiwango cha chini kuliko kaunti nyingine yoyote ya Mississippi.

Tusidanganyane, Wazungu wa Jones hawakuwa malaika. Wengi hawakuwa na tatizo lolote na utumwa kama jambo la dunia. Ila hawakuona kwa nini wafe kwa ajili ya mali ya mtu mwingine.

Newton alizaliwa palepale penye ufa. Babu yake, John Knight, ambaye watu walimwita Jackie, alikuwa mmoja wa wamiliki wakubwa wa watumwa katika kaunti. Babake, Albert, hakuwa na hata mmoja, na Newton mwenyewe hakuwahi kumiliki mtu. Alikuwa jamaa mrefu, Mbaptisti wa imani ya kale, asiyegusa pombe. Mwaka 1858 alimwoa Serena Turner, wakahama kidogo tu na kuvuka mpaka hadi kaunti jirani ya Jasper, wakaanza kulima shamba lao. Maisha ya kawaida kabisa. Kama siasa zingewaacha, leo hakuna ambaye angejua jina lake.

KURA 374 KWA 24

Siasa hazikuwaacha. Abraham Lincoln alipochaguliwa rais Novemba 1860, majimbo ya Kusini yalianza kuzungumzia kujitoa. Mississippi ikaitisha kongamano, kila kaunti ichague wajumbe. Jones wakapiga kura. John H. Powell, aliyesimama kupinga kujitenga, alipata kura 374. Mpinzani wake aliyetaka kujitenga alipata 24. Huko si kushinda, huko ni kufagia.

Powell akafunga safari hadi Jackson, mji mkuu wa jimbo. Januari 9, 1861, kongamano lilipiga kura 84 kwa 15 kwamba Mississippi ijitoe Marekani. Na Powell? Naye akaunga mkono kujitenga.

Umewahi kumchagua mtu, akafika mjini akasahau aliyemtuma? Basi unajua vile watu wa Jones walihisi. Inasemekana walitengeneza sanamu yake wakaichoma moto Ellisville.

Moto wa sanamu haubadilishi sheria. Vita vilianza Aprili 1861 na vijana wa Jones wakaanza kuvaa sare. Wengine kwa moyo, wengine kwa kuogopa macho ya majirani. Newton naye alijiandikisha Julai 1861, akapewa ruhusa Januari mwaka uliofuata kurudi nyumbani kumuuguza babake. Kisha Aprili 1862 serikali ya Shirikisho, yaani ile ya majimbo yaliyojitenga, ikapitisha sheria ya kuandikisha watu jeshini kwa lazima. Sasa hakuna cha hiari. Newton na marafiki zake wakaona heri waende pamoja kuliko kila mmoja atupwe kwenye kikosi cha watu asiowajua. Mwezi wa Mei waliingia Kampani F ya Batalioni ya 7 ya Mississippi. Kama ni kufa, basi wafe wakijuana.

SHERIA YA WATUMWA 20

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Oktoba 1862 batalioni yao ilipigana mji wa Corinth, kaskazini mwa jimbo, ikapigika vibaya. Njaa kambini, magonjwa kambini. Mwezi huohuo ikaja habari ya sheria mpya kutoka kwa wakubwa. Ilisema kwamba shamba lenye watumwa 20 au zaidi linaweza kubakisha Mzungu mmoja nyumbani, asiende vitani, ili awalinde na kuwasimamia hao watumwa. Wakubwa waliogopa watumwa wangeasi, hasa baada ya Lincoln kutangaza mwezi uliotangulia kwamba ataachilia huru watumwa wa majimbo yaliyojitenga.

Ukiangalia kutoka ofisini, ni sheria yenye maana yake. Sasa iangalie kutoka kwenye mtaro, ukiwa umelowa matope, umemwacha mke na watoto na jembe. Mwenye watumwa 20 abaki nyumbani. Asiye na mtumwa hata mmoja aende akafe ili mwenye 20 asiwapoteze. Mwenye pesa zake, wakati huo, angeweza pia kumlipa mtu mwingine aende vitani badala yake. Kijana maskini wa Jones alikuwa na nini cha kulipa?

Rafiki yake Newton, Jasper Collins, aliposikia sheria hiyo alitupa silaha chini akaenda zake. Kwake hesabu ilikuwa rahisi: vita ni vya tajiri, wanaopigana ni maskini. Newton naye alikuwa amepata habari kwamba maafisa wa Shirikisho wamechukua farasi wa familia yake. Farasi ndio trekta yako, ndio gari lako, ndio ambulansi yako. Baada ya Corinth, naye akahepa. Alitembea kama kilomita 300 kurudi nyumbani, sawa na kukata karibu njia yote ya Nairobi hadi Kisumu kwa miguu, huku ukijificha kutoka kwa kila mwenye sare.

Alipofika, alikuta hali mbaya kuliko alivyodhani. Wanaume hawako, mashamba yamemea magugu, wanawake wanalima peke yao. Mwaka 1863 Shirikisho lilileta kodi ya kulipwa kwa mazao: sehemu moja ya kumi ya mavuno yako inabebwa. Na wanaokuja kubeba hawakuwa na mizani ya haki. Waliingia zizini, wakaingia ghalani, wakachukua kitambaa alichofuma mama wa watu. Newton mwenyewe alikamatwa mapema mwaka huo kwa kosa la utoro, akafungwa, na inasemekana aliteswa. Nyumba yake ilichomwa.

Halafu Julai 4, 1863, mji wa Vicksburg ukaanguka mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Vijana wengi wa Jones walikuwa humo. Waliachiliwa kwa ahadi kwamba hawatapigana tena mpaka wabadilishwe na mateka wa upande wa pili. Walirudi nyumbani wamekonda, wamechoka, wameona yote. Wengi hawakuwa na mpango wa kurudi kule tena.

RISASI ELLISVILLE

Jeshi lilimtuma Meja Amos McLemore awakamate watoro. Huyu McLemore hakuwa mgeni. Alikuwa mwenyeji wa eneo hilohilo, mwalimu na mhubiri. Alijua njia, alijua majina, alijua nani ni mtoto wa nani. Ndiyo maana alifaa kazi ile, na ndiyo maana walimwogopa.

Usiku wa Oktoba 5, 1863, McLemore alikuwa nyumbani kwa Amos Deason mjini Ellisville. Mtu akatokea mlangoni, risasi ikalia, meja akaanguka. Watu wengi waliamini kwamba aliyefyatua ni Newton Knight. Nyumba ile bado imesimama hadi leo, na wageni huenda kuitazama.

Mimi sitakuambia kwamba hilo lilikuwa jambo la kushangilia. Mtu aliuawa ndani ya nyumba na jirani zake. Hivi ndivyo vita vya wenyewe kwa wenyewe vinavyoonekana ukivisogelea karibu. Unayemwua unamjua, na kesho utakutana na mjane wake njiani.

Siku 8 baadaye, Oktoba 13, watoro kutoka Jones, Jasper na kaunti za jirani walikutana, wakaunda kikosi chao na kumchagua Newton kuwa kapteni. Watu wakakiita Kampani ya Knight. Maficho yao yalikuwa kwenye vinamasi vya mto Leaf. Waliitana kwa pembe za ng'ombe. Ukisikia pembe inalia alfajiri, mkulima aliyekuwa anapalilia anatupa jembe, anachukua bunduki, anapotelea msituni. Jioni anarudi kupalilia.

Waliwashambulia wakusanyaji kodi, na baadhi ya maafisa wakauawa. Walivamia mji wa Paulding, wakachukua mikokoteni 5 ya mahindi ya kodi na kuwagawia watu mahindi hayo. Fikiria mahindi yako yakirudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Kufikia masika ya 1864, karani wa mahakama ya kaunti alikuwa amemwandikia gavana kwamba kukusanya kodi Jones hakuwezekani tena. Wafuasi wa Newton walipandisha bendera ya Marekani kwenye mahakama ya Ellisville, katikati kabisa ya nchi ya adui. Julai mwaka huo gazeti moja la mji wa Natchez liliandika kwamba Jones imejitenga na Shirikisho. Hapo ndipo jina likaanza kusambaa: Dola Huru ya Jones.

WALIOLISHA MSITU

Sasa usidhani wanaume wale walikula majani. Waliishi kwa sababu ya wanawake. Wake zao, mama zao na dada zao walipika usiku, wakapeleka chakula, wakapeleka habari, wakawadanganya wanajeshi machoni bila kupepesa. Mbwa wa kunusa walipoletwa, watu walimwaga pilipili kwenye njia ili mbwa wapoteze harufu.

Na kulikuwa na Rachel. Rachel alikuwa mtumwa katika ukoo wa babu yake Newton. Simulizi za Jones zinasema ndiye aliyekuwa macho na masikio ya kikosi, na kwamba hizo mbinu za pilipili zilitoka kwake. Hebu pima hatari aliyoichukua. Mtoro Mzungu akikamatwa, angeweza kusamehewa akirudi jeshini. Mtumwa mwanamke akikamatwa akiwasaidia waasi, hakuna aliyekuwa na haja ya kumwuliza swali. Inasemekana yeye na Newton walikuwa na mapatano: yeye amsaidie abaki hai, naye amsaidie apate uhuru.

Shirikisho halikukaa kimya. Mapema 1864 lilimtuma Kanali Henry Maury na askari wake, akaripoti kwamba amesafisha eneo. Muda si muda wakatuma kikosi kikubwa zaidi chini ya Kanali Robert Lowry, mwenyeji wa Mississippi. Lowry alikuja na mbwa na kamba. Katika siku chache tu aliwaua watu 10 wa Kampani ya Knight, wakiwemo Benjamin Franklin Knight na Sil Coleman, binamu zake Newton. Wengi wakajisalimisha. Wengine wakakimbilia New Orleans na kujiunga na jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini. Newton hakupatikana. Alibaki vinamasini na wachache waliosalia, wakaendelea kupigana hadi mapema 1865. Kwa jumla waliandikwa kuwa walipambana na jeshi la Shirikisho mara 14.

Ujue pia kwamba si kaunti nzima iliyokuwa na Newton. Wapo vijana wa Jones waliobaki na Shirikisho mpaka siku ya mwisho, wakarudi na majeraha na mikongojo. Kwao Newton alikuwa mwoga na muuaji aliyewachoma kisu mgongoni. Wao pia walikuwa maskini. Wao pia walikuwa na mama waliolala njaa. Vita vikiisha, hawa wote walipaswa kukutana kanisani kulekule, kwenye kinu kilekile cha kusaga mahindi.

BUNDUKI ZILIPONYAMAZA

Wengi husimulia habari za Newton wakakomea hapa, kwenye pembe na vinamasi, kama filamu ya mapigano. Mimi naona hapa ndipo habari inapoanza.

Shirikisho lilishindwa 1865. Jeshi la Muungano lilimpa Newton kazi ya kugawa chakula kwa wenye njaa katika eneo la Jones. Pia aliongoza watu kwenda kaunti jirani kuwatoa watoto weusi waliokuwa bado wameshikiliwa kama watumwa ilhali utumwa umekwisha.

Sasa tazama wenzake wa jana. Mwaka huohuo wa 1865, kundi la wakazi walioona aibu na sifa za Jones liliomba bunge la jimbo libadilishe jina la kaunti. Bunge likakubali. Jones ikawa Davis, kwa heshima ya Jefferson Davis, rais wa Shirikisho. Ellisville ikawa Leesburg, kwa heshima ya Jenerali Robert E. Lee. Yaani mahali palipopandisha bendera ya Marekani pakapewa majina ya wale waliotaka kuishusha. Majina ya zamani yalirudishwa miaka michache baadaye, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Vita viligawa kaunti hii mara mbili. Mara ya kwanza mstari ulipita kati ya tajiri na maskini, na Newton alivuka na watu wengi nyuma yake. Mara ya pili, bunduki ziliponyamaza, mstari ulichorwa kati ya Mzungu na mtu mweusi. Hapo Newton alipogeuka nyuma, wengi hawakuwepo.

Kumkataa tajiri anayekutuma kufa ni jambo moja. Kukubali kwamba aliyekuwa mtumwa jana sasa apige kura, amiliki shamba, akae meza moja na wewe, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Kuna waliopigana bega kwa bega na Newton msituni ambao hawakuliweza.

Yeye aliliendea. Mwaka 1872 aliteuliwa naibu wa marshali wa serikali ya kitaifa kusini mwa Mississippi, wakati ambapo magenge ya Wazungu yalikuwa yakiwapiga na kuwaua watu weusi waliothubutu kupiga kura. Mwaka 1875 Gavana Adelbert Ames alimteua kanali wa kikosi cha Jasper, ambacho askari wake walikuwa watu weusi. Mwaka huohuo uchaguzi ulifanyika kwa vitisho na damu, waliokuwa upande wa Ames wakashindwa, na mlango uliokuwa umefunguliwa kwa watu weusi ukaanza kufungwa. Mwaka 1890 Mississippi iliandika katiba mpya iliyowanyima kura, na ukafungwa kabisa. Na Robert Lowry, yule aliyekuja na kamba? Alikuwa gavana wa jimbo kuanzia 1882 hadi 1890.

NYUMBA MOJA, UKOO MMOJA

Newton hakurudi mjini kutafuta cheo kingine. Alikaa kwenye shamba lake karibu na Soso pamoja na Rachel, ambaye sasa alikuwa huru. Waliishi kama mume na mke, ingawa sheria haikuwatambua. Walipata watoto. Newton alimwandikia Rachel ekari 160 za ardhi, na enzi hizo mwanamke mweusi mwenye ardhi yake Mississippi alikuwa nadra sana. Serena, mke wa ndoa, aliishi nao hapohapo kwa miaka kadhaa kabla ya kuondoka. Sitapamba hapo. Hakuna anayeweza kusema kwamba Serena hakuumia.

Halafu likatokea jambo lililowatoa majirani macho. Watoto wawili wa Newton na Serena, Mat na Molly, walioana na watoto wawili wa Rachel, Fannie na Jeff. Kijiji kikazaliwa hapo, cha watu wasioweza kuwekwa kwenye kisanduku chochote. Wazungu waliwaita weusi. Weusi waliwaona kama Wazungu. Inasimuliwa kwamba Newton alisaidia kujenga shule, lakini wajukuu na watoto wa Rachel walipofika mlangoni wakakataliwa, na baadaye shule ile ikateketea kwa moto. Ukiuliza aliyewasha, wazee wa kule watatabasamu tu.

Miaka yote hiyo Newton alikuwa akiiandikia serikali ya Washington. Kuanzia 1870 aliomba kwamba watu wa Kampani yake walipwe kwa vita walivyopigana upande wa Muungano, pamoja na familia za wale 10 waliouawa na Lowry. Alipeleka majina, alipeleka viapo vya mashahidi. Kesi ilizungushwa miaka 30. Mwaka 1900 ikakataliwa, ushahidi hautoshi. Kumbe unaweza kuchomewa nyumba na upande mmoja kwa kumpenda mwingine, na huyo mwingine naye asikujue.

Rachel alifariki 1889. Newton aliishi miaka mingine zaidi ya 30. Mwaka 1921 mwandishi wa gazeti moja la New Orleans alimtembelea shambani. Mzee alimweleza kwamba kaunti ya Jones haikuwahi kujitenga na Marekani, ni mjumbe wake tu ndiye aliyejitenga. Na kwamba kama wao walikuwa na haki ya kumlazimisha kupigana vita asivyovitaka, yeye naye alikuwa na haki ya kuacha alipotaka. Miaka 60 ilikuwa imepita na bado alikuwa anakumbuka ile kura.

Alifariki Februari 16, 1922. Sheria na desturi za Mississippi zilitaka Wazungu na weusi watenganishwe hata wakiwa wafu. Newton alizikwa kilimani, karibu na Rachel. Kwenye kaburi lake wameandika kwamba aliishi kwa ajili ya wengine.

KESI YA 1948

Ungedhani imekwisha hapo. La.

Desemba 1948, mjini Ellisville, kijana aitwaye Davis Knight alisimamishwa kizimbani. Alikuwa amelitumikia jeshi la majini la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Kosa lake? Kuoa. Mkewe alikuwa Mzungu, naye Davis, aliyeonekana Mzungu mbele ya yeyote, alikuwa kitukuu cha Rachel. Tom Knight, mtoto wa Newton na Serena, alipanda kizimbani akiwa mzee kutoa ushahidi kwamba Rachel alikuwa mwanamke mweusi. Tom huyu ndiye aliyekuwa ameandika kitabu cha kumsifu babake. Ila katika kitabu hicho familia ya Rachel ilikuwa kama haikuwahi kuwepo.

Mahakama ilimhukumu Davis miaka 5 jela. Mwaka 1949 Mahakama ya Juu ya Mississippi ilibatilisha hukumu hiyo, kwa sababu upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba alikuwa na damu nyeusi ya kutosha kuvunja sheria. Damu ya kutosha. Watu wazima walikaa mahakamani kupima hilo.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1951, Ethel Knight, jamaa wa ukoo huohuo, alichapisha kitabu chake akimchora Newton kama msaliti na mhalifu. Ukoo mmoja, vitabu viwili, watu wawili tofauti wenye jina moja. Mwaka 2016 Hollywood ikatoa filamu, Free State of Jones, na ubishi ukaanza upya.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa kwenye matatu, siku moja utaambiwa usimame upande fulani. Uliza maswali mawili aliyoyauliza mkulima huyu. La kwanza ni rahisi: mwenye watumwa 20 yuko wapi wakati mimi natumwa? Ukiliuliza hilo kwa sauti utapata makofi, na watu wengi watakufuata msituni.

La pili ni gumu: na aliye chini yangu mimi, naye nitamtendea vipi tukishashinda? Newton alipolijibu hilo, alibaki na ekari zake, watoto wake wa kila rangi, na kaburi moja la kuzikwa karibu nalo.